Kwenye Benchi la Uzazi wa Mpango

Ngolo aliniuliza kama ugonjwa huu unaua. Alikuwa amekaa karibu na cherehani yangu, sweta la shule amelifunga kiunoni ingawa jua lilikuwa linachoma, mkono mmoja ameukandamiza chini ya kitovu. Nikamwambia hauui, unachosha tu. Aliniangalia kama mtu aliyetarajia zaidi kutoka kwangu. Ngolo ni binti wa wifi yangu Milembe, yuko kidato cha pili hapa Bariadi, na mimi, mke wa mjomba wake, ananiita mama mkubwa.

Nilimchemshia maji, nikayatia kwenye chupa, nikaizungushia kanga, akajilaza nayo tumboni kwenye mkeka. Nilipomwona amejikunja vile, magoti yakigusa kidevu, nilijua nimekaa kimya vya kutosha. Naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine wanaojikunja hivyo huku wakiambiwa wanadeka. Mimi si daktari, ni fundi cherehani. Ukitaka kujua ugonjwa huu unatoka wapi, kawaulize wenye makoti meupe, na wakikujibu vizuri njoo unieleze na mimi.

Nilizaliwa Lalago, kwa mzee Shigela, mkulima wa pamba na mfugaji. Nilipovunja ungo, wenzangu walipewa kanga na mawaidha. Mimi nilipewa na mizizi juu yake. Kila mwezi, siku zangu zilipofika, nilitapika, nikatetemeka, nikalala sakafuni kwa sababu sakafu ya udongo ilikuwa na ubaridi. Mama alisema ni chango la wanawake. Alisema hata yeye alikuwa nalo, likamwacha alipojifungua mtoto wa kwanza. Hiyo ndiyo tiba niliyoahidiwa tangu utotoni: ukizaa litaisha. Hakuna aliyewaza kwamba ugonjwa wenyewe ndio utakaonizuia kuifikia tiba.

Niliolewa Bariadi, na Masunga, karani wa mizani kwenye chama cha ushirika cha pamba. Wakati huo bado tulikuwa mkoa wa Shinyanga, na neno Simiyu kwetu lilikuwa jina la mto tu. Ng'ombe wa mahari walitoka kwao wakaenda Lalago, na hawakupumzika: kaka yangu alioa nao kabla hata ya mavuno. Kwa hiyo ndoa yangu ilikuwa imebeba ndoa nyingine mgongoni. Nililijua hilo, kila mtu alilijua, na hakuna aliyelisema mpaka lilipokuja kusemwa.

Tulijenga kwenye mji wa mama mkwe, nje kidogo ya Bariadi. Mama mkwe naye aliitwa Ngolo, ndiye aliyerithiwa jina na huyu binti wa leo. Alikuwa mjane mrefu, mkali, mwenye mikono ya kazi, na kila asubuhi nilipiga magoti mlangoni kwake.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wana Shigela. Mhola?"

"Mhola duhu."

Kama huijui lugha yetu, mayu ni mama, na hapo tumeamkiana tu, tumeulizana hali, na mimi nimejibu kwamba ni nzuri, hata siku ambazo haikuwa nzuri. Mkwe ambaye hajazaa huitwa kwa baba yake, mtoto wa fulani. Wenzangu waliitwa mama wa fulani. Sikuchukia mwanzoni. Baada ya misimu kadhaa ya pamba nilianza kuchukia.

Miaka hiyo mambo yalibadilika haraka hapa kwetu. Serikali iliruhusu wanunuzi binafsi wa pamba, wakaja na magari yao na mizani yao, na chama cha ushirika kikabaki na ghala tupu na mlinzi. Masunga alipoteza kazi, akakaa nyumbani akinyoosha ndevu zake, kisha mnunuzi mmoja akamchukua, akarudi kwenye kazi ileile ya mizani akiwapimia watu wengine. Na mimi, ambaye nilikuwa nashona magauni ya sikukuu, nikaona mitumba ikimwagwa sokoni kwa marobota, nikabaki na sare za shule na viraka. Maduka ya dawa yalifunguliwa kila kona. Zamani ulikuwa unaandikiwa dawa isiyokuwepo; sasa dawa ilikuwepo, ila hospitali nayo ilikuwa imeanza kututaka tuchangie. Ndivyo tulivyougua wakati ule.

Mtoto hakuja. Maumivu yalikuja kila mwezi bila kukosa, kisha yakaanza kuja hata nje ya siku zake. Nilipokwenda haja kubwa niling'ata kanga. Hata chumbani palikuwa na maumivu, na hilo sitalieleza zaidi kwa sababu Masunga yupo hai na anajua kusoma. Niseme tu kwamba alikuwa anageukia ukutani kwa kunionea huruma, na mimi nikadhani amenichoka.

Hospitali ya wilaya walinitibu malaria, wakanitibu homa ya matumbo, wakanitibu mkojo. Siwalaumu, tumbo ni shimo la giza na kila mtu alikuwa anapapasa. Kisha upande wa kushoto ukaanza kuvimba. Mama mkwe aliona kabla ya daktari. Alinitazama nikiinama kuokota ndoo, akatabasamu, na kesho yake asubuhi baada ya salamu akanipa maziwa ya mtindi kwenye kibuyu chake mwenyewe. Sikusema kitu. Nilikunywa yale maziwa huku nikijua kwamba nimevuja damu wiki ileile, na bado nikajipa matumaini. Mimba hujificha mgongoni, walisema wakubwa, ikitulizwa inarudi mbele. Nikajaribu kuituliza.

Ilikuwa ni uvimbe. Nilipewa rufaa kwenda Mwanza, mimi na Masunga tukapitia Lamadi, nimekalia kanga iliyokunjwa mara nyingi. Hospitali ile kubwa naikumbuka kwa mabenchi yake. Benchi la kuandikisha, benchi la kumwona daktari, benchi la picha ya tumbo ambapo unakunywa maji mpaka kibofu kinataka kupasuka halafu unaambiwa umeme umekatika. Unajifunza kukaa. Unajifunza kulala umekaa, kula umekaa, kuvichunguza viatu vya watu. Masunga alikaa na mimi siku za mwanzo, akarudi kwa sababu msimu wa ununuzi ulikuwa umefunguliwa.

Walinipasua. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja wa Mwanhuzi, mke wa mfugaji, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo na maumivu yake makubwa kuliko yangu. Nilipozinduka nalia, alinyoosha mkono wake wenye bangili za shaba, akaushika mguu wangu kwa sababu ndicho kitu alichoweza kufikia. Aliushika mguu mpaka nikalala. Sijui jina lake mpaka leo, na ninamwombea hivyohivyo bila jina.

Daktari aliniambia waliyoyaona. Kwenye kokwa la mayai la kushoto kulikuwa na mfuko wa damu ya zamani, nyeusi, nzito kama lami, wameutoa. Kokwa la kulia lilikuwa na mwingine mdogo, wameuacha. Ndani, vitu vilikuwa vimegandana. Alitaja jina la ugonjwa, endometriosisi, nikamwomba alirudie, akarudia, nikaona hata nikilishika nani atanielewa nikilisema Bariadi. Akasema ninachohitaji sasa ni kupumzisha tumbo: nisipate siku zangu kwa nusu mwaka, ndani pakauke, kisha nianze vidonge vya kukomaza mayai, tutafute mtoto.

"Nitazuiaje siku zangu?" nikauliza.

"Kuna sindano. Si lazima uifuate huku, hata kwenu ipo. Nenda kliniki ya uzazi wa mpango, wanachoma bure."

Alisema huku anaandika, na kalamu yake haikusimama. Kwake lilikuwa jambo jepesi: dawa ni ileile, ipo, haina malipo. Alikuwa sahihi kabisa. Ila hakuwa mkwe wa mtu kule Bariadi.

Kliniki ya uzazi wa mpango ilikuwa kwenye baraza ndefu ya hospitali, upande mmoja. Upande wa pili wa baraza hiyohiyo walikuwa wanapima watoto uzito. Katikati kulikuwa na benchi la mbao, na ukutani picha ya baba, mama na watoto wawili wanaocheka. Kila anayepita kwenda popote, dawa, maabara, mochwari, anapita mbele ya benchi hilo. Nilikaa mwisho kabisa, nikajifunika kanga, nikatazama chini.

Zamu yangu ilipofika, nesi mmoja kijana alifungua kadi mpya.

"Una watoto wangapi, dada?"

"Sina."

"Waliofariki?"

"Sina."

Akainua uso. "Sasa unapanga nini?"

Nikamwonyesha barua ya daktari. Akaisoma, uso ukabadilika, akaniomba radhi, akanichoma taratibu kuliko nilivyowahi kuchomwa na mtu yeyote. Hilo nalo nalihesabu kwenye mema. Nilipotoka nje nikiwa nimeshika mkono uliochomwa, nilikutana uso kwa uso na Milembe.

Milembe, dada yake Masunga, alikuwa amesimama karibu na mzani na mtoto wake mchanga, ameshamvalisha ile suruali ya kitambaa anayoning'inizwa nayo. Mtoto alikuwa Ngolo. Milembe alinitazama mimi, akatazama mlango niliotokea, akatazama mkono wangu. Hatukuamkiana. Kwetu kupishana na wifi yako bila salamu ni kama kumpiga kofi, na nililisikia hilo kofi njia nzima ya kurudi.

Kesho yake asubuhi nilipiga magoti mlangoni.

"Mwangaluka, mayu."

Mama mkwe alikuwa anapepeta mahindi. Nikarudia. Ungo uliendelea kupanda na kushuka, makapi yakaruka yakanifikia usoni. Nikainuka nikaenda kuchota maji.

Sikuhitaji kuambiwa habari iliyofika nyumbani. Ng'wana Shigela anachomwa sindano. Miaka yote hii tunamlilia Mungu, tunakwenda kwa waganga, yeye anafunga kizazi kwa siri. Ndiyo maana. Na mimi niliyekuwa na barua ya daktari sandukuni, kwa nini sikusema? Nitakueleza, kwa sababu wasomaji wa mbali wanaweza kuniona mjinga. Mkwe hazungumzi habari za damu yake na mama mkwe. Mtoto wa kiume hazungumzi na mama yake mambo ya ndani ya mkewe. Afadhali avue nguo sokoni. Maneno hayo yalikuwa na njia zake, kwa bibi, kwa somo, kwa shangazi, na mimi watu wangu wa njia hizo walikuwa Lalago. Hapa palikuwa na Milembe tu, naye ndiye aliyepeleka habari.

Nilimgeukia Masunga. "Mwambie mama."

"Nimwambie nini?"

"Nilichokueleza, alichosema daktari."

Alikuwa anapiga mswaki wa mti, akausimamisha mdomoni. "Kabula, nianzie wapi? Nikianza tu na neno la kwanza atanifukuza."

"Basi mimi ndiye nitafukuzwa."

"Yaya," akasema, kwa lugha yetu, hapana. "Nipo." Na kweli alikuwepo. Alikuwepo vile mwanamume anavyokuwepo, ameshika kofia, anangoja mambo yapite. Nilimkasirikia wakati ule kuliko nilivyoukasirikia ugonjwa, na sasa nikifikiri naona aliogopa kitu ambacho hata mimi nilikiogopa.

Sindano ilinifanyia kazi yake na nyingine ambazo sikuziomba. Nilinenepa, mashavu yakajaa, jambo lililowathibitishia wote kwamba ninastarehe. Joto lilinipanda ghafla nikiwa nashona, jasho likadondokea kwenye sare za watoto wa watu. Lakini maumivu yalipungua. Mwezi ulipita bila kulala sakafuni, nikakaa kitandani asubuhi nikishangaa, sijui nifanye nini na siku nzima isiyouma.

Muda wa sindano ya pili ulipofika, sikwenda. Nilivaa, nikafika mpaka lango la hospitali, nikaliona lile benchi kwa mbali na wanawake wawili wa mtaani kwetu wamepumzika hapo, nikageuka. Nilijiambia nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo nikajiambia hivyohivyo. Ukisoma haya na wewe una tarehe yako, nenda. Watu watasema hata usipokwenda.

Siku zangu zilirudi wakati wa kuchuma pamba, zikarudi na hasira. Msimu huo tulikuwa tumejaza chumba kizima, pamba imepanda mpaka karibu na dirisha, tunasubiri bei ipande kwa kuwa sasa wanunuzi walikuwa wengi na kila mtu alikuwa amejifunza kusubiri. Mchana mmoja wengine wakiwa shambani, maumivu yalinikuta nikiwa nachambua. Nilidhani nitafika chumbani kwangu. Sikufika. Nilijitupa palepale juu ya pamba, nikauma kanga, nikasikia damu ikinitoka moto, na sikuwa na nguvu ya kujisogeza.

Mama mkwe alinikuta hapo. Alikuwa amerudi kuchukua magunia. Alisimama mlangoni, na mimi nikafumba macho, maana nilikuwa mwanamke asiyejibiwa salamu, nimelala juu ya pamba ya watu nimeichafua.

Kwetu pamba ikiingia uchafu inaitwa fifi. Inatengwa, inauzwa bei ya kutupa, na karani anaweza kukukatalia gunia zima kwa sababu yake. Nilimsikia akipiga magoti. Nilisubiri matusi. Badala yake nilisikia mikono yake ikifanya kazi, ikinyofoa pamba iliyolowa, kidogo kidogo, ikiitia kwenye kanga yake. Alifanya hivyo muda mrefu. Alinisogeza kiuno kwa mkono mmoja ili afikie iliyokuwa chini yangu, akaendelea. Ilikuwa nyingi. Nadhani ni wingi wake uliomfanya aseme.

"Hii si damu ya mwanamke anayezuia," akasema. Sauti haikuwa ya upole, ilikuwa ya mtu anayefikiri. "Aliyezuia hatoki hivi. Ng'wana Shigela, una nini?"

Nilimwambia. Nimelala hivyohivyo, macho nimeyafumba, nikasema yote ambayo mkwe hasemi: damu ya tangu Lalago, mfuko uliotolewa, kokwa, chumbani, sindano. Nilisema barua ipo sandukuni. Hakwenda kuitafuta, hakujua kusoma. Aliendelea kunyofoa pamba mpaka chini yangu pakawa peupe, akafunga kanga yake kwa fundo, akatoka nayo kuichoma nyuma ya nyumba kabla wengine hawajarudi. Kisha akarudi na maji ya moto.

Natamani ningesema mambo yaliishia hapo. Baba mkubwa Maduhu, kaka wa marehemu baba mkwe, alikuwa ameshaitisha kikao. Jumapili baada ya kanisa walikaa wanaume kwenye viti, wanawake chini, mimi pembeni kabisa nimeinamisha kichwa, na kaka yangu ameitwa kutoka Lalago. Kumwona kaka yangu ameshika kofia yake magotini, akijua nyumba yake nayo inajadiliwa, ndiyo saa niliyotamani nife.

Baba mkubwa aliongea vizuri, hakunitukana. Alisema mwanamke anayekataa kuzaa amevunja ndoa mwenyewe. Ng'ombe wajulikane watarudi vipi. Masunga alifungua mdomo akasema, "Baba, kuna ugonjwa," akakwama hapo.

Mama mkwe akasimama. Mwanamke hasimami kwenye kikao cha namna ile.

"Mimi nimeiona damu yake," akasema.

Wanaume wakatazama chini. Baba mkubwa akanyanyua mkono. "Shemeji, hayo si ya hapa."

"Ni ya hapa. Mmeyaleta wenyewe hapa. Mnasema anafunga, mimi nimeitoa damu yake kwenye pamba yangu kwa mikono hii, nimejaza kanga. Mtoto huyu anaumwa. Sindano ni ya daktari, ya kumkausha kidonda. Mimi ndiye nilikuwa simwitikii salamu. Nani mwingine anataka nimweleze ilikotoka hiyo damu? Nimweleze?"

Hakuna aliyetaka. Masunga alikuwa analia waziwazi mbele ya mama yake. Baba mkubwa alikohoa, akauliza kama chakula kimeiva, na ng'ombe hawakutajwa tena, siku hiyo wala baadaye. Kaka yangu alikula sahani mbili.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Nilipopiga magoti mlangoni, mama mkwe alikuwa ameshavaa kitenge chake cha kanisani.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Mhola?"

"Naumwa, mayu."

"Najua. Inuka twende."

Tulikaa wote wawili kwenye lile benchi, yeye katikati kabisa ambapo kila mpita njia anamwona, mgongo wima. Nesi kijana alipotoka kuita majina, alimtazama huyu bibi wa umri ule akasita. Mama mkwe akamwambia, "Mchome mkwe wangu, sisi tuna safari ya shamba."

Nilimaliza sindano. Kisha vikaanza vidonge vya mayai, ambavyo Masunga alivifuata kwenye duka la dawa Mwanza. Mwaka huo mvua zilikuwa nyingi na barabara ilikatika mara kwa mara, akafika nyumbani matope mpaka kiunoni, vidonge vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kofia. Vidonge vile vinakupa siku za kukutana na mumeo, na siku zenyewe hazijali kama mmegombana au mmechoka kupalilia. Tulifuata. Tuliishi kwa mafungu: wiki ya vidonge, wiki ya kukutana, wiki ya kungoja, kisha siku ya kwenda chooni ukiomba usione kitu, na unakiona. Nilichoka namna ambayo usingizi hauondoi. Niliyapitisha mavuno mawili hivyo.

Mara moja mimba ilishika. Nilikaa nayo mpaka pamba ilipoanza kutoa maua, nikatapika kwa furaha, mama mkwe akaanza kuniletea mtindi. Ilitoka yenyewe, bila kelele, nikiwa nashona. Baada ya hapo uvimbe wa kulia nao ulikua, nikarudi Mwanza, nikapasuliwa tena, na safari hii daktari mwingine aliniambia hakuna kilichobaki cha kujaribu kwa uwezo wetu. Dar es Salaam, alisema, huenda siku moja watafanya zaidi. Nilimshukuru. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi ambalo halikuwa la foleni yoyote, nikakaa tu.

Masunga hakuoa mke mwingine. Watu walimshauri, akawaambia ana kazi. Mama mkwe alifariki miaka mingi baadaye, akiniita mwanangu mpaka mwisho, na mimi ndiye niliyemwosha. Sijazaa. Maumivu yamepungua kadiri umri ulivyosogea, yamebaki kama mgeni anayepita mara chache kuuliza hali. Nasema hivi kwa sababu sikutaka usome mpaka mwisho ukingojea mtoto. Hakuja, na bado niko hapa, nashona, nacheka, kuna siku nazima redio nalia kidogo halafu naiwasha.

Sasa turudi kwa Ngolo. Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari, sikungoja. Siku hizi Bariadi ni makao makuu ya mkoa na kipimo cha picha kipo hapahapa. Daktari, binti mdogo, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema umri wake ndio mzuri wa kuanza kuudhibiti ugonjwa. Akaandika vidonge vya majira. Nikamuuliza vinapatikana wapi, ingawa nilijua.

"Kliniki ya uzazi wa mpango, mama. Kule barazani."

Ngolo alikuwa na sare ya shule. Mwanafunzi, kwenye benchi lile. Nilimwona akiganda, mkono umerudi chini ya kitovu. Nikamwambia tusubiri, nimpigie mama yake.

Milembe alikuja na boda boda, ametoka shamba, majani ya pamba bado yamenasa kwenye kitenge. Nilimweleza kwa maneno machache. Tumeishi vizuri miaka yote hii mimi naye, tumepikiana, tumezikiana, na habari ya siku ile hatukuwahi kuigusa. Alilitazama benchi. Alitazama mzani wa watoto, ambao ni mpya sasa lakini mahali ni palepale. Kisha akamshika mwanawe mkono, akaenda kumkalisha katikati, pale alipokaa mama mkwe zamani, na yeye akakaa kushoto, mimi kulia.

Wakaanza kupita watu. Mama mmoja wa mtaani kwao, amebeba kadi yake, akamwona Ngolo na sare yake, akafanya haraka kutazama pembeni. Milembe akamwita.

"Mwangaluka, mayu!"

Mama yule akasimama, hana pa kukimbilia. "Mwangaluka. Mhola?"

"Mtoto anaumwa. Tumemleta kutibiwa."

Akapita mwingine, akamwamkia. Akapita mwalimu wa shule ya msingi, akamwamkia. Alimwamkia kila aliyepita barazani asubuhi ile, anayemjua na asiyemjua, kwa sauti ya kufika getini, mpaka Ngolo akaanza kucheka kwa aibu, akiuondoa mkono tumboni ili ajifunike nao mdomo. Milembe hakunitazama hata mara moja. Sauti ilikuwa imeanza kumkauka, na watu walikuwa bado wanakuja, na yeye alikuwa bado anawaita.